Oktava ya Juu ni ya Mkubwa

Nimeacha kazi. Nawaandikia ninyi wadogo zangu wa chama cha mafundi wa piano kwa sababu mliniomba, na kwa sababu mke wangu amechoka kunisikia nikizungumza na kuta. Mishahara sitaigusa. Wateja wengine walilipa kwa maharagwe na wengine kwa ahadi, na mara nyingi ni maharagwe yaliyofika. Vyeo navyo ningevipita, lakini kuna kimoja nilichokitamani nusu ya maisha yangu, na wengi wenu mlinikuta bila hicho mkadhani ndivyo nilivyozaliwa. Nitakifikia kwa zamu yake. Fundi wa piano haanzi kazi kwenye nota za juu.

Nilianza wakati nchi ilikuwa bado inaitwa Zaire. Nilikuwa seremala mtaani Kadutu, hapa Bukavu, natengeneza vitanda, na majeneza pia, kadiri watu walivyohitaji kulala. Siku moja akaingia mzee mrefu mwenye koti la kijivu na mkoba wa ngozi, akaomba kipande cha libuyu, ile mbao ngumu ya msituni, kilichokauka vizuri. Niliposhika ubao wa kwanza akauchukua mkononi mwangu, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akauweka chini. Akagonga wa pili. Kisha akanitazama.

"Kati ya hizi mbili, ile ya kukauka ni gani?"

"Ni ile ya kwanza, Papa."

"Umejua namna gani? Haukuiangalia hata."

"Ile ingine iko inakohoa."

Hakucheka. Alilipia ubao, akauliza nimebatizwa wapi na kama nakunywa pombe asubuhi. Huyo alikuwa Muzee Kahasha, mtu wa Katana, fundi wa piano aliyeitwa mpaka Goma na Uvira. Wiki iliyofuata nilikuwa nabeba mkoba wake, na baba yangu aliwaambia majirani kwamba mwanawe ameacha kazi yenye wateja wa uhakika.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Nguba, katika shule moja ya masista. Muzee alifungua ubao wa mbele wa piano ya kusimama, na kwa mara ya kwanza nikaona nyuzi, nyingi, zimebana kama mistari ya mvua. Akaniambia nisiguse kitu, nisikie tu. Kisha akapiga nota moja ya katikati. Akaipiga tena. Akaendelea kuipiga asubuhi nzima, akizungusha kidogo sana ufunguo wake wa chuma kwenye msumari unaoshika uzi, na mimi nikawa napigana na usingizi mbele ya masista.

"Unasikia nini?" akauliza mwishowe.

"Nota moja, Papa."

"Hapana. Ni nyuzi tatu ziko zinalia pamoja. Kama hazipatane, sauti inatetemeka. Sasa sikia."

Akapiga tena, akazungusha, na kweli kulikuwa na kutetemeka ndani ya sauti, uwiuwi, kwa haraka, kisha polepole, kisha hakuna. Sauti ikatulia. "Hapo imesimama," akasema. Hayo ndiyo maneno yetu mpaka leo. Nota iliyo sawa imesimama. Iliyo chini imelala. Iliyo juu imeruka. Mtu wa nje akitusikia anadhani tunazungumza juu ya mbuzi.

Vifaa vyake nilivijua kabla ya kujua jina la mkewe. Ule ufunguo wa kuwambia nyuzi, wenye mpini alioutengeneza mwenyewe kwa libuyu. Diapazoni, uma mdogo wa chuma unaotoa nota ya la, aliyoigonga kwenye goti lake na kuishika kwa meno ili aisikie ndani ya fuvu. Kabari za mpira za kunyamazisha uzi mmoja wakati wa kushughulikia mwenzake, ambazo tulizikata kwenye tairi. Nyundo za piano zinavalishwa sufi nzito iliyogandamizwa, na sufi hiyo haikuuzwa popote Bukavu, kwa hiyo tulikata kofia za wazee waliofariki. Wajane walitupatia bila maswali mengi. Kuna piano moja Muhumba ambayo mpaka leo inapiga do kwa kofia ya marehemu karani wa posta.

Wadogo zangu, mnajua hali ya hewa yetu. Mvua inashuka, ziwa linapumua, mbao zinavimba, na piano uliyoiacha imesimama unaikuta imelala yote. Muzee hakuwahi kulalamika. Alisema kwamba mji usingekuwa na unyevu, yeye angekuwa analima mihogo.

Sasa vyeo. Chama chetu wakati ule kilikuwa na watu wachache, lakini kilikuwa na ngazi kama jeshi. Mwanafunzi alifuta vumbi, alibadilisha sufi, alifukuza panya. Fundi mshirika aliruhusiwa kulinganisha piano peke yake, majumbani na makanisani. Fundi kamili tu ndiye aliyeruhusiwa kugusa piano ya mkia, ile kubwa ya ukumbini, kabla ya tamasha, kufundisha kwa jina lake, na kuwatahini wengine. Kutoka mwanafunzi kwenda mshirika kulikuwa na maswali ya kuandika kwa Kifaransa na mtihani wa mikono. Mimi kwenye mikono niliambiwa niunge uzi uliokatika, kwa fundo, huku watahini watatu wamekaa karibu nami wanakunywa chai na kubishana kwa makusudi juu ya bei ya majani ya sombe. Niliunga. Mmoja akasema fundo langu ni zuri kuliko hoja zake.

Kazi ngumu kuliko zote niliyoipata nikiwa mshirika ilikuwa Luhwindja. Mfanyabiashara mmoja wa dhahabu alinunua piano ya kusimama kwa wazungu waliokuwa wanahama, akaipandisha milimani kwa lori pamoja na magunia ya chumvi. Alitaka ilie kama ile ya kanisa. Tulipofika mimi na Muzee, nota za chini zilikuwa zinatoa sauti ya kitu kilichofunikwa na blanketi. Nikafungua ubao wa miguuni. Ndani kulikuwa na kuku amelalia mayai, naye akanitazama kama mtu aliyefunguliwa mlango wa choo.

"Tumutoe?" nikauliza.

Mwenye nyumba akakataa kabisa. "Huyo kuku ni ya mama yangu. Muguse piano, musiguse kuku."

Tulilinganisha nota za juu na za katikati, tukarudi kungoja vifaranga, tukamaliza za chini baadaye. Njiani Muzee alicheka mpaka akashikilia ubavu. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo kabla, wala baada.

Namkumbuka kila siku. Namkumbuka kuliko baba yangu mzazi, na naandika hivyo bila aibu kwa kuwa baba alijua. Nikipita mbele ya nyumba ambamo mtoto anajifunza piano, bado nasimama kungoja mtu wa pembeni yangu aseme, "Sol imelala." Alikuwa anaisema akiwa barabarani, katikati ya kelele za magari, na tukiingia ndani tunaikuta kweli imelala. Sikio lile lilikuwa linajulikana. Shikeni jambo hilo, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini sisi sote tulikosea.

Mtihani wa kuwa fundi kamili ulikuwa wa masikio, na ulitaka mafundi kamili watatu, wawili hawakutosha. Watatu hao walilinganisha piano ya mkia kwanza wao wenyewe, kila mmoja sehemu yake. Mmoja alichukua katikati, mmoja akachukua nota nene za chini, na oktava ya juu kabisa, zile nota fupi kama kugonga glasi, ilikuwa ya mkubwa kwa umri. "Mkubwa ndiye anapanda juu," walisema. Ndiyo iliyokuwa heshima, na hakuna aliyeuliza kwa nini, kama hakuna anayeuliza kwa nini firigisi ya kuku ni ya baba. Kisha mtahiniwa aliingizwa, akaruhusiwa kuipiga piano hiyo kwa muda wa wimbo mmoja wa misa, akatolewa nje. Wakaivuruga. Akaitwa airudishe ilivyokuwa. Aliyeirudisha, walifunga kifuniko cha piano mbele yake na kumwita mwenzetu. Aliyeshindwa, kifuniko kilibaki wazi na mkubwa akasema neno moja tu: "Rudi." Sababu haikutolewa, na kuuliza kulikatazwa. Sikio, walisema, halina maelezo.

Siku yangu ilipofika, mkubwa alikuwa Muzee Kahasha mwenyewe. Wa pili alikuwa fundi mmoja aliyetoka Goma kwa boti. Wa tatu alikuwa Papa Zihindula wa Bagira, fundi hasa wa harmonium, kile kinanda cha upepo, mtu wa maneno mengi, ambaye bado mnaye. Tulikuwa katika ukumbi wa parokia moja Ibanda. Nilivaa suti ya harusi yangu.

Nikakaa, nikapiga wimbo. Katikati palikuwa safi. Chini palikuwa safi. Nikapanda juu, vidole vikasita. Zile nota za mwisho zilikuwa zimeruka. Zilikuwa zimeruka sana, kiasi cha kuuma meno, na kila moja iliruka zaidi ya iliyo chini yake. Niliwatazama watahini. Wa Goma alikuwa anaangalia dirisha. Papa Zihindula alikuwa anaangalia viatu vyake. Muzee alikuwa ananiangalia mimi, uso umetulia kabisa.

Nikatolewa nje. Nilisimama kwenye veranda nikifikiri. Muzee alikuwa amenifundisha kwamba piano ya mtu mwingine usiiamini mpaka uihakikishe mwenyewe. Nikasema basi, huu ni mtego. Mwalimu wangu ameziweka vibaya makusudi aone kama nitaziiga kama kasuku. Nikaingia. Nikarudisha yote, na zile za juu nikazisimamisha mahali pake pa kweli, moja moja, kwa uangalifu ambao sijawahi kuwa nao tena. Nilipoweka ufunguo chini nilikuwa na furaha. Nilijua kwamba nimeshinda.

Muzee akaja, akapiga nota za juu, polepole, kutoka kushoto kwenda kulia. Akatikisa kichwa.

"Zimelala," akasema, kwa sauti ya huzuni. Wenzake hawakusema kitu. Kifuniko kikabaki wazi. "Rudi."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, na suti yangu. Mke wangu aliponiona aliondoa mezani ile chupa ya bia ya Primus.

Siku chache baadaye Papa Zihindula alinikuta sokoni Kadutu, akanivuta pembeni.

"Minasema kwa sababu ninakupenda. Sisi wote tulisikia. Zile nota alizipandisha kwa kusudi."

"Kwa nini basi, Papa?"

"Weye hauone? Anaogopa umupite. Fundi mukubwa hapendi mutoto akalie kiti yake angali muzima."

"Na ninyi mulinyamaza?"

"Ungekuwa weye ungesema nini mbele ya Muzee Kahasha? Kama ile ni sikio, sisi tuko na nini?"

Neno lile liliingia ndani yangu likakaa. Mimi sikulitaka, lakini lilikuwa na mantiki. Mtu anayesikia sol iliyolala kutoka barabarani hawezi kukosea oktava nzima. Kama hakukosea, alifanya makusudi. Na kama haukuwa mtego, maana ningeshinda, basi ulikuwa wivu. Nililigeuza usiku na mchana, likatoka lile lile. Kumwuliza sikuweza. Kanuni ilikataa, na hata kama kanuni isingekataa, kwetu mtu hamwulizi mzee wake kama anamwonea wivu. Hiyo sentensi haina mahali pa kuanzia.

Tuliendelea kufanya kazi pamoja. Jambo moja lilibadilika. Tulipofika oktava ya mwisho, alinipa ufunguo, akasema, "Malizia weye," akaenda kukaa kwenye kiti, macho ameyafumba. Kila piano, kila mara. Nilikasirika. Mtu aliyekataa nota zangu za juu mbele ya watu, sasa ananiachia hizo hizo nimtengenezee! Nilimpenda na nilimkasirikia, vyote siku moja, na vyote kabla ya chai.

Kisha vikaja vita, na mambo ya vyeo yakawa ya kuchekesha. Piano nyingine ziligeuka kuni. Nyingine zilitobolewa na risasi, na niwaambie, piano iliyopigwa risasi kwenye mbao inapona, lakini ikipigwa kwenye fremu ya chuma hiyo ni ya kuzika. Fundi wa Goma alikufa kwa ugonjwa wa kawaida kabisa, katika miaka ambayo watu walisahau kwamba ugonjwa wa kawaida bado upo. Walibaki kamili wawili. Mtihani ulitaka watatu. Kwa hiyo mlango ukafungwa, kwangu na kwa kila aliyekuja nyuma yangu. Ndiyo sababu chama chenu kimejaa washirika kama gari lililojaa makondakta.

Muzee alirudi kwao Katana kupumzika. Nilimtembelea kila nilipopata nafasi. Taksi-basi mpaka Kavumu, ikivunjika njiani, pale Miti, kwa desturi yake, kisha pikipiki. Mara ya mwisho tulikaa nyuma ya nyumba, mchana, juu ya shamba la kahawa linaloshuka ziwani. Aliuliza habari za piano kama mtu anavyouliza habari za shangazi zake: ile ya masista ina hali gani, ile ya hoteli bado inameza nota ya fa. Nilimjibu. Swali langu nilikuwa nimekuja nalo, nimeazimia, safari hii, nilitoe.

"Huku siku hizi kuko kimya sana," akasema. "Hata nyenje walihama."

Nyenje walikuwa wanalia pande zote, kwenye kahawa, kwenye nyasi, mpaka ilibidi niinue sauti yangu. Nilidhani anasema kwa mafumbo ya wazee, anawataja watu waliokimbia na wasiorudi. Nikasema, "Ndiyo, Papa, walihama." Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Tukakaa. Swali nikaliacha, kwa sababu mzee aliyetulia hivyo huwezi kumvuruga, na nikajiambia nitakuja tena.

Alizikwa mwezi uliofuata. Pale kaburini Papa Zihindula alihutubia kwa muda mrefu juu ya sikio la marehemu. Nililia sana, na katikati ya kulia nilikuwa bado namwuliza: Papa, ulinifungia kweli?

Miaka mingine ilipita, na mnaijua, maana ninyi wenyewe mlianza kuonekana ndani yake. Nilifundisha bila haki ya kufundisha. Nilipewa piano za mkia kwa sababu hapakuwa na mwingine. Watu waliniita maestro na mimi nikawa nawasahihisha: mshirika. Furaha, ambaye sasa ni katibu wenu, alifika akiwa na simu inayosikiliza nota na kuonyesha kwa mshale kama imelala au imeruka. Nilimwambia simu haina goti la kugongea diapazoni. Akajibu kwa adabu kwamba na diapazoni haina tochi, na umeme ulikuwa umekatika. Tangu hapo tulielewana.

Mwaka huu mkabadilisha kanuni. Mkasema simu ihesabiwe kama masikio mawili, na Papa Zihindula, kamili wa mwisho aliyebaki, awe sikio la tatu. Mkasema pia wa kwanza kutahiniwa niwe mimi, ili mlango ufunguke. Sikuwaambia siku ile nilichofanya. Nilikwenda nyumbani nikaitafuta suti. Haikuingia, lakini niliitafuta.

Tukakutana ukumbini Ibanda. Papa Zihindula aliletwa kwa gari, na fimbo yake, na maneno yake yote. Nikalinganisha piano nzima mbele yenu. Mikono yangu ni mizuri bado, mliiona. Nilipanda juu mwisho, nikazisimamisha zile nota fupi moja moja, nikiwa na hisia kwamba Muzee amekaa kwenye kiti kule nyuma, macho ameyafumba. Nikaweka ufunguo chini.

Furaha akapitisha simu. Chini, sawa. Katikati, sawa. Alipofika oktava ya juu akapunguza mwendo. Akarudia. Akaifuta simu kwa shati lake.

"Inasema nini?" nikauliza.

"Zimeruka kidogo, Papa."

"Haiwezekani. Hata mimi ninaona kama zimelala kidogo. Nilitaka kuongeza."

"Ni kweli, zimelala," akasema Papa Zihindula, akigonga fimbo. "Hiyo simu ina mafua."

Mkasogea ninyi vijana, mmoja mmoja, mkasikiliza. Mkatazamana. Nikawaona mnafanya kile ambacho vijana hufanya mbele ya wazee: mmoja akaangalia dirisha, mwingine akaangalia viatu vyake. Nilikuwa nimekwisha kuwaona watu wakifanya hivyo katika ukumbi ule ule.

Furaha peke yake hakuangalia viatu. Alipiga magoti karibu na kiti changu, akasema chini chini, "Papa, usikasirike. Ziko juu. Ilianza zamani kidogo. Kule kanisani, kisha weye kuondoka, mimi ninabaki ninazishusha. Si kukuzarau. Ni masikio tu. Banasema inakuwaka hivyo, umri ukiingia, za juu ndizo zinatangulia kwenda, na mwenyewe hasikie kama zimeenda. Anasikia zimelala tu, anapandisha."

Nikageuka. Papa Zihindula alikuwa ameacha kugonga fimbo. Alinitazama, nikamtazama. Alikuwa anafikiria kile ninachofikiria. Niliona mdomo wake unatafuta pa kushika.

"Kumbe," akasema. Akakaa chini. "Kumbe Muzee hakukuwa na wivu."

Hakuwa na wivu. Alipiga nota zangu, akazisikia zimelala, akasema zimelala. Alisema kweli yake yote, na ilimhuzunisha. Oktava ile tuliyompa kwa heshima ilikuwa imekwisha kumwacha, na kwa sababu tulimheshimu sana hapakuwa na mmoja wetu wa kumwambia. Kama alikuja kujua baadaye, wakati ule wa "malizia weye", sijui. Natamani nijue. Natamani, kuliko cheo chochote, kukaa naye nyuma ya nyumba ile mchana mmoja tu na kumwambia, Papa, sasa na mimi siwezi, tuko sawa.

Mlitaka kunipa cheo hivyo hivyo, kwa miaka yangu. Nawashukuru, na nimekataa. Papa Zihindula aliacha kifuniko wazi, na alifanya vema. Huo ndio mtihani. Mwenye masikio kamili leo ni Furaha, mtahinini yeye kwanza, na mlango wenu utafunguka. Mimi nimeomba kanuni moja tu iandikwe: oktava ya juu asipewe tena mkubwa. Apewe mdogo kuliko wote waliomo ukumbini, na mkubwa akae akale firigisi yake.

Kabla hatujatoka nilimpa Furaha ufunguo nikamwambia azishushe mpaka zisimame. Akazungusha, kidogo, kidogo, macho yake kwenye uso wangu. Nota ya kwanza ikashuka, na masikioni mwangu ikaanguka, ikaharibika kabisa, ikawa kitu kibaya ambacho mwanafunzi wangu yeyote ningemfokea.

"Hapa, Papa?"

"Hapo hapo," nikasema. "Usiguse tena."